Siku moja kwenye tamasha la vyakula vya baharini na sanaa: tuipange vipi?

Mpenda_Pweza
Wakuu habari zenu. Kuna mji wa pwani unaofanya tamasha la vyakula vya baharini na sanaa kila mwaka, siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Mwaka huu tumeamua kwenda, ila tuna siku moja tu. Tuko watu wazima wanne na watoto wawili, gari moja, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi.

Naomba ushauri wa wanaozijua shughuli hizi kwa undani. Siku ipi, na tufike muda gani? Chaza wabichi wa vibandani wanalika bila wasiwasi? Mmoja wetu ana mzio wa kamba na kaa. Je, akila samaki tu inatosha? Halafu nataka kurudi na mchoro mmoja wa ukutani, vyombo viwili vitatu vya udongo, na samaki wa kupika kesho yake. Ushauri wa "vaeni kofia, kunyweni maji" ninao tayari, asanteni.

Bamvua
Jumamosi, na muwe getini dakika kumi na tano kabla halijafunguliwa. Asubuhi ya kwanza mzigo umetoka kushushwa, mafuta ya kukaangia ni mapya, barafu haijayeyuka na michoro mizuri bado imetundikwa. Jumapili kuna nafasi zaidi ya kutembea, lakini sehemu ya unachokula kinaweza kuwa kilichobaki jana, na vibanda vingi huanza kufunga mizigo kabla ya saa iliyoandikwa kwenye ratiba.

Kabla ya kukata tiketi, fungueni jedwali la maji la mji huo. Watu wengi hulidharau. Kati ya maji kujaa na kujaa tena kuna saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50. Maji yakijaa kabisa saa nne asubuhi Jumamosi, Jumapili yatajaa karibu saa tano kasoro dakika kumi. Mashindano ya mashua, sanamu za mchanga na michezo ya watoto ufukweni hupangwa kwa kufuata hilo. Tamasha likiangukia bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji hupanda kuliko kawaida na kunyang'anya eneo la kuegesha lililo karibu na ufukwe. Waliotangulia kuegesha pale chini ndio hutangaziwa kwenye spika waje kuondoa magari.

Jambo la pili ni upepo. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, hewa yake inapanda juu, na hewa ya baharini inakuja kujaza nafasi. Ndiyo maana siku ya jua upepo wa kutoka baharini huanza kushika asubuhi ikielekea mchana na kuwa mkali alasiri. Moshi wote wa majiko unakwenda upande wa mji. Meza ya kukalia ichagueni upande wa bahari wa majiko, hata kama kivuli chake ni kidogo.

Msongamano wa chakula ni kuanzia saa sita mpaka saa nane na nusu. Hapo mtandao wa simu nao huelemewa kwa sababu maelfu ya watu wako kwenye minara michache, na malipo ya simu au kadi yanagoma mtu akiwa ameshika sahani mkononi. Noti ndogo ndogo za kutosha chakula chote cha mchana ziwe mfukoni, ramani na ratiba ziwe zimeshapakuliwa. Watoto waandikiwe namba ya simu ya mzazi mkononi kwa kalamu ya wino usiofutika, kisha wote mkubaliane sehemu moja ya kukutania ambayo haihami. Mnara au lango linafaa. Kibanda fulani hakifai, kwa sababu saa tisa huenda kimeshafungwa.

Mkiegesha mbali na kupanda mabasi ya tamasha, ulizeni basi la mwisho ni saa ngapi, kisha ondokeni nusu saa kabla ya tukio kubwa la mwisho kumalizika. Wote hutoka kwa pamoja.

Jiko_la_Mkaa
Nianze na chaza, maana ndipo watu wanapoumia.

Chaza anakula kwa kuchuja maji. Katika hali nzuri mmoja anaweza kuchuja hadi lita 190 hivi kwa siku, na vilivyomo majini vinabaki ndani yake: bakteria wa jamii ya Vibrio, ambao huongezeka maji ya bahari yanapopata joto, na virusi vya noro vinavyotokana na maji taka. Ndimu haiviui vitu hivi, pilipili haiviui, wala pombe unayoteremshia. Mwenye ugonjwa wa ini, kisukari au kinga dhaifu asiguse chaza mbichi kabisa. Wajawazito, watoto wadogo na wazee vilevile. Vibrio vulnificus akiingia kwenye damu ya mtu mwenye ini bovu anaweza kumuua ndani ya siku chache. Bakteria huyohuyo huingia pia kupitia kidonda, kwa hiyo mwenye jeraha bichi asiingie majini kuogelea.

Kwa mtu mzima mwenye afya, hatari inapungua ukichagua kibanda vizuri. Chaza wawe wamezikwa kwenye barafu, siyo wamepangwa juu ya sinia lenye maji ya barafu iliyoyeyuka. Wafunguliwe ukishaagiza, mbele yako. Gamba liwe limefunga, au lifunge likigongwa. Lililoachama na kubaki hivyo ni maiti. Ndani pawe na maji yake masafi yenye harufu ya bahari. Muulize muuzaji wamevunwa wapi na lini. Nchi nyingi zinalazimisha kila gunia liwe na kibandiko chenye habari hizo, na anayeijua kazi yake atakujibu hapohapo. Anayesema "ni fresh kabisa, wa leo leo" bila kutaja mahali, mpite.

Anayetaka usalama ale waliopikwa. Kwenye maji yanayochemka, magamba yakishafunguka waendelee dakika 3 hadi 5. Kwa mvuke ni dakika 4 hadi 9 baada ya maji kutoa mvuke wa nguvu. Wasiofunguka watupwe. Majiko ya tamasha mara nyingi hukosea hapa: gamba likifunguka tu, mpishi anaipua kwa sababu foleni inamtazama. Kufunguka ni mwanzo wa hesabu ya dakika.

Watoto wasiokote kome au chaza mwambani mkawapika wenyewe. Mwani fulani ukistawi sana baharini, samakigamba hukusanya sumu ambayo kupika hakuiondoi, na kwa macho huwezi kuitambua.

Jodari, nguru na vibua wana shida yao. Wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini kwenye nyama, na ikishakuwepo haiondoki kwa kukaanga, kuchoma wala kugandisha. Dalili huja ndani ya dakika chache hadi saa moja hivi: uso mwekundu, kichwa kugonga, moyo kwenda mbio, ladha ya pilipili ulimini wakati haikuwekwa. Watu hudhani ni mzio wa samaki. Ukionja kipande cha jodari kikakuwasha ulimi, temeni na msile tena, hata kama mmeshalipa.

Vya kukaanga vileni asubuhi. Mafuta yafaa yawe nyuzi 175 hadi 190 za Selsiasi. Yakiwa chini ya hapo unga unayanywa, na ndicho kinachotokea saa saba mpishi anapotumbukiza ngisi wa sahani sita kwa mara moja: joto linaporomoka. Mafuta yaliyochakaa yana povu linalobaki juu, rangi ya kahawia iliyoiva, na yanatoa moshi. Ngisi ana njia mbili tu: chini ya dakika mbili kwenye moto mkali, au zaidi ya nusu saa kwenye moto mdogo. Katikati ya hapo ni mpira. Pweza wa kuchomwa aliye laini amechemshwa kwanza. Akitoka mbichi moja kwa moja hadi kwenye mkaa, jiandae kutafuna.

Samaki wa kuchoma yuko tayari nyama ikibadilika kutoka ung'avu kuwa nyeupe zito na kuachana na mfupa, yaani nyuzi 63 katikati. Vya kwenye masinia viwe vinatoa mvuke, zaidi ya nyuzi 60. Chakula kilichopoa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na hewa ikizidi nyuzi 32 ni saa moja tu. Foleni ndefu inayokwenda ni dalili nzuri kuliko kibanda kisicho na mtu chenye mlima wa kamba walioshakaangwa.

Kuhusu pesa: kaa anayeuzwa kwa uzito anakupa nyama robo ya uzito huo, mara nyingi pungufu. Kamba mwenye kichwa anakupa karibu nusu. Linganisheni hivyo, msilinganishe bei ya kilo kwa kilo. Kwa watu sita, agizeni sahani tatu za aina tofauti mgawane, halafu mhamie kibanda kingine.

Mpangilio wangu: geti likifunguliwa, chaza na vya kukaanga kwanza, vya kuchoma kabla ya saa sita, halafu sanaa wakati wengine wamebanana kwenye foleni.

Brashi_Kavu
Jiko, kwenye chakula sina la kuongeza, ila mpangilio wako ni wa mpishi. Anayetaka mchoro aanze na sanaa, hata dakika arobaini tu. Kazi za ukubwa wa kawaida na bei ya kati ndizo zinazotoka mwanzo, na kibandiko chekundu kidogo pembeni ya mchoro maana yake umeshauzwa. Tena vidole vyenye mafuta ya ngisi havitakiwi karibu na karatasi. Zungukeni mabanda yote mara moja bila kununua, pigeni picha ya kadi ya msanii (siyo ya mchoro, mpaka mumuombe), chagueni viwili mnavyoviwaza, kisha lipieni na mwombe kuvifuata wakati wa kuondoka. Wasanii wengi hukubali, kwa sababu nao hawapendi kuona mchoro ukitembezwa kwenye moshi siku nzima.

Jueni mnachonunua. Mchoro halisi na nakala iliyochapwa vyote ni halali, mradi bei zilingane na kitu chenyewe. Nakala za idadi maalumu huwa na namba kwa penseli pembeni chini, mfano 12/50, na sahihi ya mkono. Tazama sahihi kwa pembeni kwenye mwanga: kama imechapwa pamoja na picha, hiyo ni bango. Uliza wino ni wa pigmenti au wa rangi ya kuyeyuka; huu wa pili hupauka haraka ukutani penye jua. Uliza pia kama karatasi haina asidi, kwa sababu yenye asidi hugeuka njano.

Mchoro wa rangi ya mafuta ulizeni umechorwa lini. Juu hukauka kwa siku au wiki, ndani unachukua miezi, na vanishi ya mwisho kwa kawaida husubiri miezi sita au zaidi. Ukiwa mbichi, usiufunge nailoni ikagusa rangi. Akriliki hukauka upesi, lakini ikipata joto hulainika na kunata. Nailoni ya mapovu ikilaliwa juu yake ndani ya gari lililofungwa juani, mtafika nyumbani na mchoro wenye alama za duara kila mahali. Kwanza karatasi ya glasini (nyororo, isiyonata) au karatasi laini isiyo na asidi, halafu mapovu yakiangalia nje.

Turubai (kitambaa kilichochorwa) isiyo na fremu ikikunjwa, rangi iwe upande wa NJE wa mkunjo, kwenye bomba la kadibodi lenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi. Wengi hukunja rangi ndani wakidhani wanailinda. Hapo inajibana na kufanya makunyanzi au nyufa. Mchoro wenye kioo wekeni utepe wa karatasi wenye gundi kwa umbo la X juu ya kioo ili kikivunjika vipande visiukate. Kadibodi kwenye pembe nne, usimame wima nyuma ya viti vya mbele, kitu laini pande zote. Ukilazwa, kuna mtu ataweka begi juu yake. Kama fremu ndiyo inayopandisha bei, mwombeni msanii awauzie bila fremu. Mara nyingi hilo ni rahisi kwake kuliko kupunguza bei ya kazi.

Vyombo vya udongo: kiweke chombo kwenye ncha za vidole, kigonge kwa kifundo cha kidole. Kikilia kwa sauti ya wazi ni kizima. Kikitoa sauti iliyofubaa kina ufa hata kama hauonekani. Kiweke mezani, kisitikisike. Kisha swali moja kwa mfinyanzi: ni cha kulia chakula au cha mapambo? Glezi (mng'aro unaopakwa chombo kabla ya kuchomwa) nyingine zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na vyakula vichachu kama ndimu na siki huitoa. Ukiona mtandao wa nyufa nyembamba ndani ya bakuli, unyevu na chakula vitaingia humo. Linalofaa kwa ua lisiwe la mchuzi.

Forodha_Macho
Nyongeza fupi kwa wanaovuka mpaka. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliotiwa saini 1973 na kuanza kutumika 1975, unagusa vitu vingi vinavyouzwa kwenye meza za mapambo. Gamba la kasa (vitana, bangili, fremu za miwani) biashara yake ya kimataifa imezuiwa. Matumbawe magumu, matumbawe meusi, makombe ya chaza wakubwa sana wa jamii ya Tridacna na farasi-bahari waliokaushwa kwa kawaida vinahitaji kibali. Muuzaji kuwa na banda ndani ya tamasha hakukupi kibali hicho. Forodha huchukua kitu na wakati mwingine kutoza faini, na maelezo ya "nimenunua hadharani" hayasaidii. Mchoro wa kasa hauna tatizo lolote.

Mpenda_Pweza
Nashukuru sana, haya ndiyo niliyoyataka. Yamebaki mawili. Yule mwenye mzio: tukimwelekeza kwenye samaki tu, tumemaliza? Na samaki wa kurudi nao, tununue asubuhi wakiwa wazuri au mwisho wasiharibike?

Jiko_la_Mkaa
Hapana, hamjamaliza. Kamba, kaa na kamba koche wanashiriki protini moja inayoitwa tropomiosini, na moto hauiharibu. Ngisi, pweza, chaza na kome wana inayofanana nayo, kwa hiyo baadhi ya wenye mzio huu wanadhurika nao pia. Hilo aulizwe daktari wake kabla ya safari, lisijaribiwe tamashani. Samaki mwenye mapezi ana protini tofauti, na wengi wenye mzio wa kamba humla bila shida. Hatari iko kwenye vifaa: mafuta yaleyale yaliyokaangia kamba, wavu uleule wa kuchomea, koleo lilelile, glavu zilezile. Mumtafutie kibanda kinachouza samaki peke yake, au mwombe aokewe ndani ya foili mpya mkaa ukiwa ndio unashika. Akae mbali na masufuria ya kuchemshia kaa, kwa sababu mvuke nao hubeba protini hizo. Kama ameandikiwa sindano ya adrenalini, atembee nayo mwenyewe, isibaki kwenye gari linalopikika juani. Vidonge vya mzio havizuii shambulio kubwa.

Samaki nunueni asubuhi, lakini mje na deli lenye barafu kutoka nyumbani, lililopozwa tangu usiku. Barafu ya tamasha huisha mchana na vibanda vinagombania. Kipimo ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, hasa gari likikaa juani. Vipande vidogo hupoza haraka, bonge huyeyuka polepole, changanyeni vyote viwili. Muuzaji atoe matumbo na matamvua palepale, maana uharibifu huanzia huko. Tabaka la barafu, samaki, barafu tena, na tumboni mwake pia. Fungueni kizibo cha chini maji yatoke. Samaki anayeelea kwenye maji hayo analainika na kupoteza ladha.

Wakati wa kuchagua, matamvua mekundu na nyama inayorudi ukiibonyeza vina uzito kuliko macho, kwa sababu macho yaliyogusana na barafu huweza kufifia hata samaki akiwa mzuri.

Mkichukua kaa au chaza walio hai, kanuni inageuka. Wasizamishwe kwenye maji ya barafu, maji baridi yasiyo na chumvi yanawaua, na wasifungwe kwenye mfuko usiopitisha hewa. Kitambaa kibichi juu yao, barafu chini ikitenganishwa na taulo, kifuniko kiachwe wazi kidogo. Kwa siku hiyo ningewaacha: deli moja haliwezi kuwa la kufunga kabisa na la kuacha wazi kwa wakati mmoja.

Brashi_Kavu
Na deli likae kwenye buti, mchoro ukae ndani. Maji ya samaki yakimwagika kwenye kadibodi, harufu yake haitoki.